Kiini kimoja, sinapsi maelfu: jeni huchaguaje?

Swali: Kila niuroni (seli ya neva) ina kiini kimoja tu lakini sinapsi maelfu, yaani maungio yake na niuroni nyingine. Jeni ikiwashwa huko kiinini, inawezaje kubadilisha sinapsi moja na kuziacha jirani zake?

Jibu: Jeni haichagui. Kiini hutoa vifaa kwa seli nzima. Sinapsi yenyewe ndiyo inayojiwekea alama kwamba inavihitaji.

Glutamati, kemikali inayopeleka ishara kwenye sinapsi, ikifungua vipokezi vya NMDA (milango kwenye utando wa seli), kalsiamu huingia. Msisimko ukiwa mkali na wa kurudiarudia, ishara hiyo hufika kiinini, ambako vimeng'enya hubandika fosfati kwenye serini ya 133 ya CREB, protini inayoshika DNA. Ndani ya dakika chache jeni za c-fos na Arc huanza kunakiliwa kuwa RNA, nakala inayotumika kutengeneza protini. Protini ya c-Fos huenda kuwasha jeni nyingine, kwa hiyo hilo ni wimbi la kwanza tu. (Ukitaka kuipima c-Fos maabara, RNA yake itafute baada ya kama nusu saa, protini baada ya dakika 60 hadi 90. Ukichelewa sana utakuta imeshaondolewa, udhani jeni haikuwaka.)

Ile alama ya sinapsi ilithibitishwa na watafiti Frey na Morris mwaka 1997 kwenye vipande vya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya. Walisisimua kundi moja la sinapsi, wakazuia utengenezaji wa protini, kisha wakasisimua kundi la pili la seli zilezile. La pili nalo lilibaki imara kwa saa nyingi, kwa kunasa protini zilizotengenezwa kwa ajili ya la kwanza. Alama hufifia baada ya saa chache. Protini zikichelewa, hazina pa kunasa.

Arc huenda mbali zaidi: RNA yake husafirishwa hadi kwenye dendraiti (matawi ya niuroni yanayopokea ishara) na kutafsiriwa kuwa protini huko huko. Ila usidhani kuwaka kwa jeni maana yake ni kuimarika. Arc huondoa vipokezi vya AMPA, ambavyo navyo hupokea glutamati, kwenye utando, yaani hudhoofisha sinapsi.

Breki ya tafsiri hiyo ni muhimu vilevile. Katika jeni ya FMR1, marudio ya herufi za DNA CGG yakizidi 200, jeni hubandikwa methili (alama ya kikemikali) na kunyamaza. Protini yake, FMRP, ambayo huzuia RNA nyingi zisitafsiriwe ovyo, hukosekana, na vijichomozo vya dendraiti, ambako sinapsi nyingi hukaa, hubaki virefu na vyembamba kama vya seli changa. Huo ndio ugonjwa wa X dhaifu (fragile X), ulemavu wa akili wa kurithi.