Ext4, XFS au Btrfs kwa Linux ya kujijengea?

Swali: Najenga Linux yangu kuanzia msimbo chanzo, bila initramfs (mfumo mdogo wa muda unaosaidia kerneli kuwasha), kwenye laptopu yenye SSD ya SATA ya GB 240. Betri imekufa na umeme hukatika ovyo. Nichague mfumo wa faili upi: ext4, XFS au Btrfs? Nilijaribu XFS, ikakwama hapa: "Unable to mount root fs on unknown-block(8,2)".

Jibu: Weka ext4. Lakini kosa lako halikuletwa na XFS yenyewe, na ext4 nayo itakugomea vilevile usiporekebisha kerneli (kiini cha Linux).

Soma hizo namba. 8 ni diski za jamii ya sda, 2 ni patisheni ya pili. Kwa hiyo kerneli imeiona diski, ila haijui kuisoma. Mara nyingi sababu ni kwamba mfumo wa faili uliwekewa M (moduli, kipande kinachopakiwa baadaye) kwenye menuconfig, menyu ya kusanidi kerneli. Moduli hiyo inakaa /lib/modules, ndani ya patisheni ileile isiyofunguka: umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Weka CONFIG_EXT4_FS=y (y huiweka ndani ya kerneli yenyewe), ujenge kerneli upya, kisha unakili bzImage mpya, yaani faili ya kerneli, kwenye /boot (hatua hii husahaulika sana).

Ungeona (0,0), tungeshuku draiva ya diski, yaani CONFIG_SATA_AHCI na CONFIG_BLK_DEV_SD, au mstari wa root= unaoiambia kerneli patisheni ya mfumo ni ipi. Bila initramfs kerneli haielewi root=UUID=; andika root=PARTUUID= kwa thamani inayotolewa na blkid.

Kutengeneza mfumo wa faili, ukikumbuka kuwa amri hii inafuta kila kitu:

mkfs.ext4 -m 1 /dev/sda2

Bila -m 1, ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root (mtumiaji mkuu), karibu GB 12 kwenye diski yako. Patisheni ya EFI (ya kuwashia) ibaki FAT32.

Umeme ukikatika, ext4 hurejesha mpangilio wake kutoka kumbukumbu ya mabadiliko, lakini faili uliyokuwa ukiiandika dakika hiyo inaweza kupotea. XFS nayo ni imara, ila haipunguziki ukubwa, na anayejifunza hubadili patisheni mara kwa mara. Btrfs ina nakala za papo hapo (snapshot), nzuri sana. Ijaribu mfumo wako ukishawaka.

Kwenye /etc/fstab, faili inayoorodhesha patisheni za kufungua, safu ya sita ya / iwe 1. Ukiacha 0, fsck (kikaguzi cha mfumo wa faili) itairuka.