Re: Toyota Passo au Vitz ya 2019 kwa mtu wa Mbeya, na nifunge nini kwanza?

Mkuu, kwa mizunguko ya Uyole, Mwanjelwa na Mbalizi tu, Passo inakutosha. Ila umesema Dar utashuka na familia, basi chukua Vitz ya cc 1300. Passo ni cc 996, piston tatu. Ukirudi umejaza watu na mizigo, mlima wa Kitonga utaupanda nyuma ya malori ukitamani kuovateki na nguvu huna. Angalia tangazo vizuri, Vitz za cc 1000 nazo zipo tele. Na usichukue la zamani zaidi ili kupunguza bei: gari likizidi miaka 8 TRA (mamlaka ya mapato) wanakuongezea ushuru wa uchakavu, na ile nafuu yote inaishia hapo.

Vya kufunga: rimu kubwa achana nazo. Gari lenyewe liko chini, na rimu kubwa zinataka matairi yenye ukuta mfupi; kwenye barabara zetu za mitaani utakuwa mteja wa kudumu wa fundi wa bush (zile raba za miguu ya gari). Anza na taa za ukungu, za njano, zifungwe chini kwenye bampa. Asubuhi ya Juni pale Uyole ukiwasha full (taa za mbali) ndiyo kabisa huoni kitu, mwanga unakurudia usoni.

Redio ya Kijapani inaishia 90 au 95 FM, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata. Kuna kidude kinachomekwa kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, bei yake ndogo, ila namba utakazosoma kwenye skrini hazitakuwa za kweli. Mimi ningebadilisha redio nzima, uchukue yenye kamera ya nyuma.

Seat cover usikimbilie, za kiwandani bado nzima.