Maswali yenu kuhusu Waafar

Tangu niwataje Waafar, watu wa Pembe ya Afrika wanaoishi Ethiopia, Eritrea na Djibouti, katika safu hii, maswali hayajakoma. Haya manne yamejirudia zaidi.

Ni kweli Waafar ndio binadamu wa kwanza, maana mifupa ya Lucy imetoka kwao? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alifukuliwa Hadar, katika nchi ya Waafar upande wa Ethiopia, Novemba 1974, na ana umri wa miaka kama milioni 3.2. Undugu wake na Waafar hauzidi undugu wake na wewe. Tena wewe wa Arusha una lako hapo: spishi yake ilipopewa jina la Australopithecus afarensis mwaka 1978, kielelezo rasmi cha spishi hiyo kilikuwa taya la Laetoli, Ngorongoro.

Vitabu vya zamani vinasema Wadanakil. Ni kabila jingine? Na wametoka Uarabuni? (Msomaji, Tanga)

Ni hao hao. Danakil ni jina walilopewa na Waarabu, Wazungu wakalidaka. Wenyewe wanajiita Qafar, na hiyo Q ni sauti ya ain, inayotoka kooni. Mimi nafuata jina ambalo wenyewe wanajiita.

Zipo koo zinazosimulia babu aliyevuka Bahari ya Shamu kutoka Yemeni. Watu wa Tanga mnayajua masimulizi ya namna hii, kumbukeni Washirazi. Huenda wageni walikuja kweli, wakaoa, wakabaki. Lakini lugha ina mizizi upande huu wa bahari: Kiafar ni lugha ya Kikushi, ndugu yake wa karibu kabisa ni Kisaho cha Eritrea. Kwa mbali zaidi wamo Wasomali, Waoromo, na hata Warendille na Waorma wa Kenya.

Nchi ile ni joto na mawe matupu. Masultani walitawala nini? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili nimelipenda, kwa sababu wengi huwadhani Waafar ni wachungaji wasio na historia ya utawala.

Kwanza, chumvi. Sehemu za bonde la Danakil zimeshuka zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Maji ya Bahari ya Shamu yaliwahi kuingia humo, yakakauka, yakaacha chumvi nene. Hukatwa vibao, ngamia wakapandisha mzigo hadi nyanda za juu za Tigray. Vibao hivyo, amole, vilikuwa fedha ya Ethiopia kwa karne nyingi. Basi mwenye kushika njia za misafara alishika mfuko wa watu wa milimani.

Pili, mto Awash. Unashuka kutoka milimani na haufiki baharini kamwe. Unaishia kwenye maziwa, la mwisho likiwa Abbe, mpakani mwa Djibouti. Kabla ya kuishia hapo unanywesha Aussa, yenye mashamba na malisho katikati ya ukame. Mwaka 1577 imamu wa Harar, mji wa Kiislamu mashariki mwa Ethiopia, alihamishia makao yake Aussa, na katika karne ya 18 Waafar wa ukoo wa Mudaito wakaushika utawala. Pwani walikuwapo masultani wa Tadjoura na Rahayta. Mwaka 1875 Werner Munzinger, Mswisi aliyemtumikia mtawala wa Misri, aliingia Aussa na askari wake. Waafar walimwua humo humo.

Iweje watu wamoja wawe na nchi tatu? (Msomaji, Bujumbura)

Bandari ziliwaponza. Wafaransa walipata Obock, leo iko Djibouti, kwa mkataba wa 1862. Kampuni ya meli ya Kiitalia ikanunua ardhi ya Assab, leo iko Eritrea, mwaka 1869. Wafalme wa Ethiopia wakasukuma kutoka milimani. Djibouti ilipata uhuru 1977, Eritrea 1993, na vita vya Ethiopia na Eritrea vya 1998 hadi 2000 vikawakuta Waafar pande zote mbili za mpaka.

Habari zao, hata hivyo, zinavuka. Kwa desturi ya dagu, Waafar wawili wakikutana njiani huketi na kupeana habari: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani mgonjwa, nani amefariki. Kila mmoja huondoka akiwa na habari za kumpa atakayekutana naye mbele.