Maswali yenu: Diocletian aliifanyia nini Roma?

Ni kweli Diocletian ndo aliikata dola ya Roma vipande viwili?
Hapana, na hili nimelijibu mpaka nimechoka. Aligawana kazi, dola hakuigawa. Huyu kaisari wa Roma anashika madaraka mwaka 284 B.K., kila jeshi likinuna linajitangazia kaisari wake, huku mto Danube kunavamiwa, kule Waajemi, sasa mtu mmoja utakimbilia wapi? 286 akampandisha Maximian awe mwenzie, 293 wakaongezwa Galerius na Constantius, wakawa wanne, ila mzee bado yeye. Kubwa ambalo hamuulizi ni majimbo, aliyakatakata mpaka yakafika kama 100, karibu mara mbili ya zamani, akayakusanya kwenye mafungu 12 yaitwayo dayosisi (ndo neno hilohilo la kanisani kwenu), na magavana wengi wakanyang'anywa askari. Kijimbo kidogo, jeshi huna, utaasi na nini?

Nero alipiga fidla Roma ikiungua?
Fidla ilikuwa haijabuniwa. Twende.

Kwa nini bei kikomo alizopanga Diocletian 301 zilifeli?
Kwa sababu serikali iliharibu hela yenyewe, makaisari wamechakachua sarafu miaka nenda rudi, halafu kesi akapewa muuza duka. Orodha ilikuwa na vitu zaidi ya 1,000, ikachongwa kwenye mawe: kinyozi dinari 2 kwa kichwa, kibarua wa shamba 25 kwa siku na msosi juu, nyama ya nguruwe dinari 12 kwa ratili (kama theluthi ya kilo). Yaani unalima kutwa nzima unaondoka na ratili mbili za kitimoto na chenji ya dinari moja. Ukizidisha bei, adhabu kifo. Lactantius, mwandishi Mkristo wa enzi hizo ambaye alimchukia Diocletian kweli, anasema bidhaa zilipotea sokoni. Nyie mnaoshangilia kila bei kikomo ikitangazwa, mkachungulie na rafu za duka wiki inayofuata.

Constantine ndo aliufanya Ukristo dini ya dola?
Kaisari Theodosius, 380. Constantine na kaisari mwenzie Licinius waliruhusu tu, 313. Someni jamani.

Diocletian aliachia kiti kwa hiari kweli?
Ndiyo, 1 Mei 305, afya imeshagoma, akahamia kasri lake Split, Croatia ya leo, watu wanaishi ndani ya kuta zake mpaka sasa. Alipoombwa arudi akajibu mngeona kabichi nilizopanda kwa mkono wangu msingeniomba. Wengi mnaishia hapo kwenye kabichi mnampa maua yake. Ila ule utaratibu wa wanne bila yeye haukufika mbali, 306 Constantius anafariki York, askari palepale wanamtawaza mwanae Constantine, ugomvi wa kugombea kiti ukaja kuisha 324. Na Wakristo aliowasaka kuanzia 303 hawajasahau, Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, mpaka leo wanahesabu miaka yao kuanzia 284, mwaka alioingia yeye, wanaita Enzi ya Mashahidi.