Barua kwa mwanangu: kidonge tulichogawana na mjomba wako

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama vipokezi vya dopamini vya mjomba wako, yaani zile sehemu za seli za ubongo zinazopokea kemikali ya raha na hamu, vimekufa kabisa kwa dawa za kulevya au vitarudi. Nitafika huko. Kwanza nikujibu lile ambalo hukuliuliza: kwa nini dawa zilimnasa yeye, si mimi.

Kile kidonge nilikikata mimi. Bibi yako alipenda kusimulia habari za marafiki wabaya, nami sikumsahihisha. Ulikuwa usiku wa kuamkia mtihani wangu wa fiziolojia. Mwenzangu alinipa amfetamini moja ya kukeshea, nikaiweka juu ya kifuniko cha kopo na kuipasua kwa wembe. Nusu ikarukia chini ya kitanda. Mjomba wako akaiokota, akaipuliza vumbi, akameza. Baada ya saa moja hivi moyo wangu ulikuwa ukidunda hadi shingoni, taya zimekaza, nasoma mstari uleule huku machozi yananilenga. Yeye alikuwa ameketi kizingitini, uso umetulia kama mtu aliyetua mzigo. Akaniambia, "Dada, kumbe wenzangu ndivyo mnavyojisikia siku zote?"

Neno hilo halijanitoka.

Miaka yote hii nimesifiwa kuwa nina msimamo. Msimamo gani? Dawa ilinikataa tu. Mwaka 1999 mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake waliwachoma sindano ya methilfenidati, dawa ya kusisimua ubongo, wanaume 23 wazima, wasio na historia ya dawa za kulevya. Walioipenda walikuwa na vipokezi vichache vya D2, aina mojawapo ya vipokezi vya dopamini, kuliko walioichukia. Dozi ileile! Ndiyo maana nakwambia kila siku: dawa haina furaha yake, inakukopesha yako. Amfetamini huingia kwenye seli kupitia kisafirishi kinachorudisha dopamini ndani, kisha hukigeuza kikaanza kuimwaga nje. Kokeini yenyewe huziba tu mlango huo. Kinachofurika ni chako mwenyewe. Vipokezi ni masikio yanayokisikia. Mwenye masikio machache kwake ni ngoma nzuri, mwenye mengi inampasua kichwa.

Basi alizaliwa hivyo? Hapo najibishana mwenyewe. Kuna utafiti wa mwaka 2002 wa kima waliokaa kila mmoja peke yake, kisha wakawekwa pamoja. Waliopata ubwana, vipokezi vyao vya D2 viliongezeka na kokeini haikuwavuta sana. Wanyonge walibaki na vilevile, na kokeini ikawanasa. Niliposoma nikakumbuka mezani kwetu: nani alikuwa akitumwa, nani alichekwa kwa alama zake huku za kwangu zikibandikwa ukutani. Ningelazimishwa kumtaja aliyempunguzia masikio, ningemtaja... La, nisimsingizie marehemu. Mtu si kima, na ubongo wa mjomba wako hakuna aliyeupima usiku ule. Tena matumizi yenyewe huendana na upungufu wa vipokezi hivyo, kwa hiyo ukimpima mraibu leo huwezi kujua kipi kilitangulia. Dawa inakopesha, Neema, nayo hudai na riba.

Sasa swali lako. Kwa waraibu wa methamfetamini, ndugu yake amfetamini, waliopimwa mwaka 2001, baada ya mwaka na zaidi bila kuigusa, visafirishi vya dopamini vilikuwa vimepanda tena kwa kiasi kikubwa. Ila wepesi wa mwili na kumbukumbu havikuvifuata kwa kasi hiyo. Hivyo ni visafirishi, lakini, si vipokezi ulivyoviulizia. Kwa vipokezi vya mjomba wako siwezi kukuahidi kitu. Yeye ana miezi tisa bila kugusa dawa. Kwa miezi mingi hakuna kilichomfurahisha, hata watoto wake, na watu wakadhani ana kiburi. Jana kwenye simu nilikosea jina la mbwa wake akacheka, kile kicheko chake cha puani. Nilinyamaza nikisikiliza mpaka akauliza kama simu imekatika.

Sijui kama anakumbuka ile nusu. Ukimpigia usimuulize, nitamuuliza mwenyewe.

Mama yako