Lile lidege lilianguka kwa sababu gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mwanangu yuko fomu foo hapa Mikindani, anataka jeshi, tena urubani, na kwenye simu ana video anairudia kila siku, lidege la jeshi la Marekani linazunguka chini chini, linalala ubavu, alafu linaanguka na kulipuka. Anasema injini zilizima. Ni kweli? (Mama J, Mikindani)

JIBU: Mama J, injini hazikuzima. Hiyo ni B-52, dege la kudondosha mabomu, ilianguka tarehe 24 Juni 1994 kambi ya Fairchild, jimbo la Washington, wakiwa kwenye mazoezi ya maonyesho, wakafa wote wanne. Rubani Bud Holland, mzoefu kweli kweli, alikua anauzunguka mnara wa kuongozea ndege akiwa kama mita 75 tu toka chini, mwambie dogo apandanishe minazi mitatu ndo kimo chenyewe hicho, na lile dege bawa kwa bawa ni mita 56! Sasa ndege ikilala nyuzi 60 na haitaki kushuka, mabawa yanabidi yabebe mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo inataka spidi zaidi, ikikosa mabawa yanaacha kubeba. Ukiwa juu unashusha pua, spidi inarudi, unainyoosha. Pale nafasi ya kushusha pua haikuwepo, ikalala mpaka ikapita nyuzi 90.

Ila kinachoniuma mimi ni kwamba watu walijua. Tangu 1991 Holland alikua anavunja sheria kwenye maonyesho mbele ya wakubwa, na yeye ndo aliyepewa kazi ya kukagua marubani wenzake! Machi 1994 akapita juu ya kilima nusura akiguse. Luteni Kanali Mark McGeehan, mkuu wa kikosi cha marubani wa B-52 pale, akaenda kwa wakubwa kuomba asirushe tena, akakataliwa, basi akaamua vijana wake hawapandi na Holland mpaka na yeye awemo. Siku ile alikuwemo, kiti cha rubani msaidizi, mkewe na watoto wakiangalia.

Usimkatishe tamaa kijana mama, akazane na fizikia na hesabu. Ila ajue kabisa kimo alichopangiwa hakishuki hata jukwaani wakipiga makofi vipi, na akimuona mwenzake anachezea chini aripoti siku hiyo hiyo, mkubwa wa kwanza akipuuza aende kwa anayemfuata.