Jibu: Panya jike wa maabara hupungukiwa akili siku fulani?

Dada wa Langoni, umeuliza kama ni kweli panya jike hushindwa kujifunza homoni za uzazi zikibadilika, maana mwanao kasoma hivyo chuoni. Si hivyo kabisa.

Mzunguko wake wa uzazi ni siku 4 au 5 tu. Estrojeni, homoni ya uzazi ya jike, ikipanda, vichomozo vidogo vya seli za neva kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu za mahali, huongezeka. Mwaka 1990 watafiti Woolley, Gould, Frankfurt na McEwen walivihesabu, wakaona kuwa baada ya kilele hicho vinapungua kwa takriban asilimia 30 ndani ya saa 24. Siku moja, dada!

Lakini kinachobadilika zaidi ni namna ya kujifunza. Chukua wageni wawili wanaotafuta Msikiti wa Riyadha hapa Lamu. Mmoja anatazama alama, bahari iko huku, mnara ule kule. Mwenzake kakariri vichochoro: kulia, kushoto, kulia. Panya mwenye estrojeni nyingi huelekea kuwa yule wa kwanza. Ikishuka, huwa wa pili, na hapo jaribio la "geuka kulia kila mara" hulishika upesi kuliko panya mwenye estrojeni nyingi. Kwa hiyo anayemwita mjinga kampa mtihani mmoja tu.

Hata punda wetu, jike akiwa na joto la kutaka dume hukaa akitafuna hewa, masikio kayalaza nyuma, na mchanga wa watu uko mgongoni. Mwenye punda husema mkaidi. Mimi nasema ana shughuli nyingine.